Kumtii Mungu maana yake nini? Jibu la Petro baada ya usiku mtupu

Mama wa Mwanza akisema "huyu mtoto hasikii", hakuna anayedhani mtoto ana ugonjwa wa masikio. Ameambiwa, maneno yamemfikia, na hakufanya. Basi nusu ya maana ya utii katika Biblia tayari unayo. Kiebrania nacho kina kitenzi kimoja, shama, kwa kusikia na kwa kutii, na ndicho kinachofungua Kumbukumbu la Torati 6:4: "Sikiza, Ee Israeli." Mfalme Sauli alipobakiza kondoo na ng'ombe wazuri wa Waamaleki, ambao Mungu alikuwa ameamuru waangamizwe, akajitetea kwamba ni wa kumtolea Mungu sadaka, nabii Samweli alimjibu kwa kuyaweka maneno hayo mawili pamoja: "Kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu" (1 Samweli 15:22).

Nusu ya pili ni kutumaini. Hii, kwa maoni yangu, inaeleweka upesi zaidi mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia nchi kavu, kuliko kwenye benchi la kanisa.

Chukua Luka 5. Petro na wenzake wamevua usiku kucha, hawakupata kitu, sasa wako ufukoni wanaosha nyavu. Yesu, seremala wa Nazareti, anamwambia, "Tweka mpaka kilindini, mkashushe nyavu zenu mvue samaki." Niliposoma maneno hayo na vijana wetu, mmoja wao anayevua dagaa alisema papo hapo, "Mwalimu, mimi ningekataa." Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu, Victoria, huingia majini na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana wanapumzika, kwa sababu taa haivuti tena. Kila uvuvi una saa yake. Ukirudi asubuhi mtupu, mafuta yameisha, macho yanauma, na tajiri mwenye mtumbwi anakusubiri nchi kavu, halafu mtu asiye mvuvi akuambie urudi kilindini jua likiwa limetoka! Ziwa la Genesareti, alikovua Petro, lina urefu wa kilomita 21 hivi, dogo kabisa mbele ya Victoria, na Petro alilijua kama ua wa nyumba yake.

Sikiliza jibu lake: "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Napenda kwamba hakuficha uchovu. Hakujifanya ana uhakika wa samaki, wala hakusema ujuzi wake wa miaka yote ni bure. Alisema ukweli wote, kisha akasema "lakini". Kila anayetaka kujua utii wa Biblia ni nini akae kwenye neno hilo. Kabla yake kuna hali ilivyo. Baada yake kuna neno la Yesu, na mkono unaoshika nyavu.

Wala hakuwa anamtii mgeni. Rudi nyuma kidogo, Luka 4:38-39: Yesu alikuwa ameingia nyumbani kwa Petro na kumponya mkwewe homa kali. Kutumaini, basi, ni kumjua anayesema hata usipoelewa alichosema. Ibrahimu ni vivyo hivyo. Waebrania 11:8 inasema alipoitwa "aliitika", akatoka "asijue aendako". Njia hakuijua, aliyemwita alimjua. Na Mithali 3:5 inapoonya "wala usizitegemee akili zako mwenyewe", haikatazi kufikiri. Neno la asili lina picha ya kuegemea, kama mzee anavyoegemea fimbo. Akili itumie, ila usiiwekee uzito wako wote.

Kuna mahali watu wanaumizwa kwa neno hili, na siwezi kupita kimya. Petro yuleyule ndiye aliyesimama mbele ya wakuu wa dini wa Yerusalemu pamoja na mitume wenzake, wakasema imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu (Matendo 5:29). Anayekuamuru uache dawa za hospitali ili uonyeshe imani anadai utii kwa ajili yake mwenyewe. Anayekuambia utoe nauli ya mtoto leo ili urudishiwe mara kumi kesho amegeuza utii kuwa mnada. Shadraka, Meshaki na Abednego, waliotishiwa kutupwa motoni wasipoisujudia sanamu ya mfalme, hawakupatana bei na Mungu mbele ya tanuru. Walisema anaweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo", bado hawataisujudia sanamu (Danieli 3:17-18).

Yule kijana wa dagaa akaniuliza: mbona Petro alilipwa? Nyavu zilijaa mpaka zikataka kukatika, wakawaita wenzao wa chombo cha pili, vyombo vyote viwili vikawa karibu kuzama. Nikamwomba asome mwenyewe mpaka mstari wa 11. Walivifikisha vyombo pwani, wakaacha vyote, wakamfuata. Akanyamaza, kisha akauliza kama mvuvi: na samaki wale alibaki nao nani? Luka hakuandika.