Je, dunia "huisogelea" ndege inayoelekea magharibi?

Imani hii ni ya miaka mingi: dunia huzunguka kuelekea mashariki, basi ndege inayokwenda magharibi hupokewa njiani na kufika mapema. Sivyo. Kabla ya kuruka, ndege tayari inazunguka pamoja na dunia, karibu kilomita 1,670 kwa saa ikweta, na hewa nayo inazunguka hivyo hivyo.

Tazama Nairobi hadi New York, takriban kilomita 11,800. Kwenda magharibi ni kama saa 15, kurudi kama 14. Kinyume kabisa cha imani hiyo!

Kinacholeta tofauti ni upepo. Kwenye kilomita 9 hadi 12 angani kuna mikondo yenye nguvu inayovuma kutoka magharibi, na hukaza zaidi majira ya baridi. Ndege ya kasi ya kilomita 900 kwa saa ikipingwa na upepo wa 100, inabaki na 800. Ikisukumwa, inapata 1,000. Kipande cha kilomita 4,000 kitachukua saa tano badala ya nne.

Saa ya ukutani ndiyo inayopotosha watu. Wakati wa baridi, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Ukiondoka Nairobi saa sita usiku, utatua saa moja asubuhi ya huko, ukadhani umesafiri saa saba tu. Kwenye tiketi, saa zote ni za mahali husika. Soma mstari wa muda wa safari.