Kumpima bata asiyeumwa: maana ya ufuatiliaji wa mafua ya ndege

Mafua makali ya ndege yakiingia banda la kuku, mfugaji hahitaji kuambiwa: kuku hufa kwa makumi ndani ya siku chache. Bata ni habari nyingine. Anaweza kuwa na virusi hivyohivyo na bado akala, akaogelea na kutaga, huku akivimwaga majini kwa kinyesi na ute wa koo. Ndiyo maana, kwa bata wa kufugwa, ufuatiliaji ni kuvitafuta virusi kwa ndege mzima, kwa ratiba, bila kungoja vifo. Kungoja mfugaji atoe taarifa nako ni ufuatiliaji, ila kwa bata taarifa hiyo huja imechelewa.

Mtaalamu wa mifugo humbana bata kwapani, mkia ukitazama mbele, akaingiza kijiti chenye pamba kwenye tundu la kinyesi na kukizungusha taratibu, kisha akakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji maalumu ya kuhifadhia virusi. Kijiti cha pili hupita kooni. Tafadhali, kisirukwe: virusi vya mafua visivyo vikali hukaa hasa kwenye utumbo wa bata, lakini H5N1 ya Asia, aina kali ya virusi hivyo, mara nyingi huonekana zaidi kooni. Vichupa husafiri kwenye barafu hadi maabara. Huko kipimo cha PCR, kinachotambua vinasaba vya virusi, hutafuta kwanza virusi vya mafua ya aina A, halafu H5 na H7, makundi yanayoweza kugeuka makali. Damu ikionyesha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza dhidi ya virusi, bata huyo aliwahi kuambukizwa, au alichanjwa.

Kwamba bata mzima hubeba virusi, Thailand ililijua kwa machungu mwaka 2004. Katika mabonde yake ya mpunga, wafugaji huswaga maelfu ya bata shamba hadi shamba baada ya mavuno, bata wale punje zilizodondoka na konokono. Oktoba mwaka huo ukaanza msako wa virusi nyumba kwa nyumba, na bata hao wa kuhamahama wakapimwa hata walipoonekana wazima. Uchambuzi wa ramani uliofuata ulionyesha kwamba virusi vilihusiana sana na wingi wa bata hao.

Kwetu, Januari 2017, H5N8, aina nyingine kali ya virusi hivyo, iliua ndege pori ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria upande wa Uganda, na ikapatikana pia kwa bata na kuku wa kufugwa huko Masaka. Bata anayeshinda ziwani na ndege pori, jioni akarudi kulala na kuku, ndiye wa kuanza kupimwa.