Je, wajua? Hata nyumba yenye mpangaji, au iliyo tupu, inaweza kuuzwa chini ya deni lake

Nchini Marekani, mtu akishindwa kulipa mkopo wa nyumba, na nyumba yenyewe imeshuka thamani hadi chini ya deni, anaweza kuiomba benki imruhusu kuiuza kwa bei ya soko. Benki ichukue kitakachopatikana na kuachia rehani. Wengi wanaamini nafasi hiyo ni ya anayeishi humo tu. Aliyepangisha au aliyehama hajaribu hata kuomba, na nyumba inanadiwa.

Imani hiyo ina chanzo. Mpango wa serikali ulioitwa HAFA ulipoanza Aprili 2010, ulitaka nyumba iwe makazi ya mwombaji. Hata ulipolegezwa mwaka 2011, ilibidi awe ameishi humo ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Sharti hilo liliondolewa Juni 2012, na mpango wenyewe ukafungwa mwisho wa 2016. Ushauri wa enzi zile ungali unarudiwa, na unawagharimu watu nafasi hii. Hata hivyo, kila taasisi inayomiliki mkopo ina kanuni zake, na mikopo yenye bima ya FHA, shirika la serikali linalowakinga wakopeshaji dhidi ya hasara, kwa kawaida huwa migumu zaidi kwa nyumba za kupangisha. Swali la kwanza kwa kampuni inayosimamia mkopo liwe: mkopo huu unamilikiwa na nani?

Kwa nini benki ikubali hasara? Chukua mfano: deni ni dola 240,000, na soko linatoa 180,000. Ukitoa dola 14,000 za dalali, hati na kodi ya jengo, benki inabaki na 166,000. Ikinadi, inalipa wanasheria, bima, kodi na matengenezo kwa miezi kadhaa, kisha huenda ikauza kwa 160,000. Gharama hizo zikifika 25,000, inabaki na 135,000. Ni kama muuza samaki jioni barafu ikiyeyuka: bei ya kesho ndiyo inayomfanya akubali ya leo. Kwa hesabu hiyo, nyumba tupu ndiyo inayooza haraka zaidi. Bima nyingi haziwajibiki kwa uharibifu wa makusudi nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60. Majira ya baridi, mabomba yasipomwagwa maji huganda na kupasuka. Funga maji, yamwage, na utunze picha zenye tarehe.

Kinachopimwa hasa ni shida ya kweli: kupoteza kazi, talaka, ugonjwa, kifo, au kuhamishiwa kazi mbali. Peleka barua ya kueleza shida hiyo, hati za mshahara, taarifa za benki za miezi ya karibuni, marejesho ya kodi ya mapato, na, kwa nyumba iliyopangishwa, mkataba wa upangaji. Wakopeshaji wengi huhesabu asilimia 75 tu ya kodi ya pango. Robo ni ya matengenezo na miezi isiyo na mpangaji. Anayepokea kodi kila mwezi bila kulipa mkopo ajiandae kuulizwa pesa inakwenda wapi, kwa sababu taarifa zake za benki zinaonyesha.

Mauzo mengi ya aina hii hukwama kwa mpangaji. Mthamini asipofunguliwa mlango, hukadiria kwa kutazama nje, na makadirio yakizidi hali halisi ya ndani, benki inakataa ofa nzuri. Mpe mpangaji notisi ya maandishi mapema. Mkataba wa muda maalumu kwa kawaida humfuata mnunuzi, kwa hiyo anayetaka kuhamia mara moja atajitoa akiugundua dakika za mwisho. Amana ya mpangaji nayo ihamishiwe mnunuzi au irudishwe. Na mnunuzi asiwe ndugu wa muuzaji: pande zote husaini hati ya kiapo kwamba hawana uhusiano.

Kabla ya kusaini, soma kama barua ya benki inafuta deni lililobaki au inaachia rehani tu. California inakataza kudai salio hilo kwa nyumba za familia moja hadi nne; majimbo mengine hutofautiana. Deni likifutwa, fomu 1099-C, taarifa ya deni lililofutwa, inaweza kufika, kwani hesabu ya kodi ya mapato hulichukulia kuwa kipato. Msamaha wa kodi hiyo chini ya sheria ya 2007 ulihusu makazi makuu pekee. Mwenye nyumba ya kupangisha aangalie kama madeni yake yalizidi mali zake kabla tu ya kufutiwa. Kama ndivyo, anajaza fomu 982 ya kuomba lisihesabiwe kipato.