"Nguvu ninazo, dokta"

Juzi kaingia bwana mmoja, karatasi ya maabara kaikunja mara nne. Nyuma yake mkewe, mkoba umejaa vipimo vyake vya miaka minne: ultrasaundi, homoni, picha ya mirija. Bwana ndiyo kwanza kapima wiki hiyo. Kabla sijaikunjua karatasi: "Nguvu ninazo, dokta. Muulize huyu."

Mke akageukia dirishani. Sikumuuliza.

Jamani, kusimama ni kazi ya damu na mishipa ya fahamu. Mbegu hutengenezwa kwenye korodani, na huchukua kama miezi miwili na nusu. Hayo mnayoyaona yakitoka, karibu yote ni maji ya tezi dume na vifuko vya shahawa. Mchango wa korodani ni asilimia chache tu. Ndiyo maana aliyefunga uzazi haoni tofauti yoyote kitandani. Mazito, meupe, yanaruka mbali: hadithi za kijiweni. Leteni darubini.

Karatasi ilisema mbegu 0. Na palepale yule mwenye nguvu akanywea: "Kwa hiyo mimi basi tena?" Hili nalo linanichosha kuliko la kwanza.

Sifuri hurudiwa. Chupa ya pili, siku 2 hadi 7 bila tendo, na maabara wazungushe sampuli kwenye mashine wakatazame mashapo, si kuchungulia tone moja na kusaini. Tena semeni ukweli kama tone la kwanza lilimwagikia mkononi, maana ndilo lenye mbegu nyingi.

Ikibaki sifuri, nashika korodani na kupima FSH, homoni ambayo ubongo hutumia kuziamuru korodani zitengeneze mbegu. Zikiwa za ukubwa wa kawaida na FSH ya kawaida, mara nyingi mbegu zipo ila njia imeziba: ugonjwa wa zinaa wa zamani, upasuaji wa ngiri, au mtu kazaliwa bila mirija ya kupitisha mbegu. Tunazivuta kwa sindano, kisha moja inadungwa ndani ya yai, njia iliyotangazwa na madaktari wa Brussels mwaka 1992. Bei yake ni kilio kingine.

Korodani ndogo na FSH juu, uzalishaji wenyewe umekwama. Hata hapo, kwa kuipasua korodani chini ya darubini, mbegu hupatikana kwa karibu nusu ya wanaume. Nani atakuwa kwenye nusu ipi? Sijui. Kipimo cha kromosomu Y, ile inayobeba urithi wa kiume, hutuambia wachache ambao hakuna haja ya kuwapasua. Waliobaki tunabahatisha kwa heshima. Nimewahi kumwambia mtu asitegemee, tukapata. Mwingine kila kitu chake kilikuwa kizuri, FSH nzuri, tukatoka mikono mitupu.

Ya bwana huyu haikuwa huku wala kule. FSH ilirudi chini kabisa, kama haipo.

"Kaka, unachoma sindano gani?"

Kimya. Kisha: za jimu, mwaka wa tano sasa. Za kuongeza nguvu.

Humo mna testosteroni, homoni ya kiume, na ya kuchoma huudanganya ubongo kwamba ipo ya kutosha. Ubongo unaacha kuziamuru korodani, nazo zinalala. Ukiacha, kwa wengi mbegu hurudi ndani ya mwaka, wengine zaidi, na wachache bado nawasubiri.

Nikamwambia turudie kipimo baada ya miezi mitatu. Mkewe alishatoa simu, anatafuta tarehe.