Lights Out kwenye Palm Pilot: usiwashe taa ovyo

Lights Out ni gemu rahisi kuelezea ila ukianza kuicheza inakera kweli. Tiger Electronics waliitoa 1995, kidude cha mkononi chenye vitufe 25, vitano kwa vitano, kila kitufe kina taa. Ukibonyeza kimoja, chenyewe na jirani zake wa juu, chini, kushoto na kulia wanabadilika, iliyokuwa inawaka inazima na iliyozima inawaka. Kazi yako ni kuzima zote, basi.

Mi naiandikia Palm Pilot, ile kompyuta ndogo ya mkononi ya 1996 ya kugonga kwa kikalamu. Skrini yake ni piseli 160 kwa 160, so kila kitufe nakipa 28, vitano vinakula 140 na zile 20 za juu naweka jina la gemu na hesabu ya hatua.

Utamu uko ndani ya kodi. Taa 25 zinaenea kwenye namba moja ya biti 32 (biti ni nafasi ya 0 au 1, yaani taa imezima au inawaka), na rejista za prosesa yake, Motorola DragonBall, yaani visanduku vyake vya kushikia namba, ni biti 32 hizohizo. Kila kitufe nacho ni namba tu yenye 1 kwa kila taa kinayoigeuza, cha kwenye kona kina biti tatu za 1, cha ukingoni nne, cha ndani tano, mtu akigonga unapiga XOR (hesabu inayogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0 pale tu namba ya kitufe ina 1) mara moja umemaliza. Na hapo ndo unaona kwamba kugonga kitufe mara mbili ni sawa na hujagonga, na uanze na kipi umalizie na kipi haijalishi kabisa. Jibu ni vitufe gani, siyo kwa mpangilio gani.

Sasa kosa ninaloliona sana kwenye kodi za watu ni kuwasha taa kwa kubahatisha kisha wanampa mchezaji. Jamani! Kuna namna 33,554,432 za taa kuwaka, zinazozimika ni robo tu, 8,388,608. Zingine mtu atagonga mpaka betri iishe. We anza na ubao mweusi, halafu programu yenyewe ibonyeze vitufe ovyo, hapo njia ya kurudi ipo lazima. Ukitaka kukagua ubao wa mtu mwingine, angalia mstari wa 1, 2, 4 na 5, hesabu taa zinazowaka kwenye safu ya 1, 3 na 5 tu, geuza ubao ulale ubavu uhesabu tena vilevile. Zote mbili zikitoka shufwa, unazimika.

Kuucheza nako kuna ujanja wake: taa ikiwaka mstari wa juu, gonga kitufe kilicho chini yake, shuka hivyohivyo mpaka zibaki za mstari wa mwisho tu. Zikibaki zote isipokuwa ya katikati, rudi juu gonga cha katikati ushuke upya, zitaisha. Zikibaki za pembeni mbili, juu gonga cha 1 na cha 2. Michoro mingine iko mitano, nayo ina dawa yake.

Kwa kitufe cha msaada, kila ubao unaozimika una majibu manne kamili, chagua fupi zaidi, halizidi hatua 15. Ndo maana hesabu yangu kule juu ina tarakimu mbili tu, mtu akivuka 99 inarudi 00 na wala simwonei huruma.