Rais wa chuo mwenye usuli wa kijeshi ni nani?

Nchini Marekani, rais wa chuo ndiye mtendaji mkuu wake. Huteuliwa na bodi ya wadhamini, husimamia bajeti, hutafuta wafadhili na hukisemea chuo mbele ya umma. Kazi hiyo inakaribiana na ya makamu mkuu wa chuo katika nchi zinazofuata mfumo wa Uingereza.

Akitajwa kuwa na usuli wa kijeshi, huenda alitumikia jeshi miaka michache tu ujanani, akaacha, akasoma hadi shahada ya uzamivu, kisha akapanda ngazi za kawaida za uhadhiri na ukuu wa kitivo. Huyo ni mwanataaluma kama wenzake. Mjadala huzuka pale jenerali au admirali anapostaafu na kukabidhiwa chuo moja kwa moja.

Hapo ni lazima kuuliza ni chuo gani. Mkuu wa West Point, chuo cha jeshi kilichoanzishwa mwaka 1802, ni afisa aliye kazini, naye hupangiwa nafasi hiyo kama ambavyo angepangiwa kikosi. The Citadel, chuo cha kijeshi cha jimbo la South Carolina, kinapokea wastaafu kama Jenerali Mark Clark, aliyeanza kukiongoza mwaka 1954. Sare na gwaride ni maisha ya kila siku pale, kwa hiyo afisa hajihisi mgeni.

Chuo cha kiraia kina utaratibu mwingine kabisa. Jeshini amri hushuka na kutekelezwa. Chuoni, maprofesa wenye ajira ya kudumu hawafukuzwi kirahisi, na mtaala uko mikononi mwao zaidi kuliko mwa rais. Rais anayetaka kubadili masomo hana budi kuketi na kamati, kusikiliza pingamizi na kushawishi, pengine kwa miaka.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Joshua Chamberlain. Alikuwa profesa wa Chuo cha Bowdoin, jimboni Maine, kabla ya kwenda kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Alipigana Gettysburg mwaka 1863, akafikia ujenerali, akawa gavana wa Maine, kisha mwaka 1871 akarudi Bowdoin akiwa rais. Alipanua masomo ya sayansi, lakini pia alianzisha mafunzo ya kwata. Mwaka 1874 wanafunzi wakagoma. Chamberlain aliwarudisha nyumbani hadi wakubali kutii, na wengi wakarejea. Hata hivyo, baadaye kwata ikawa ya hiari, na mwishowe ikafutwa. Huyu alikijua chuo kile kwa undani, alikuwa amefundisha humohumo, na bado alitumia njia ya kambini. Kwa maoni yangu, kilichomponza ni kudhani kwamba utii wa wanafunzi ungeweza kudaiwa jinsi unavyodaiwa kwa askari.

Dwight Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya Washirika Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, alikutana na tatizo tofauti. Alishika urais wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1948 akiwa na jina kubwa kuliko msomi yeyote pale. Mwishoni mwa 1950, Rais wa Marekani, Harry Truman, alimwita aongoze majeshi ya NATO barani Ulaya, akapewa likizo, na cheo cha Columbia akabaki nacho hadi Januari 1953, alipoingia Ikulu kama rais wa Marekani. Jina lake lilikipa chuo heshima, lakini kwa sehemu kubwa ya muda huo mwenyewe hakuwapo.

Robert Caslen aliongoza West Point kuanzia 2013 hadi 2018. Mwaka 2019 aliteuliwa kuwa rais wa Chuo Kikuu cha South Carolina huku wanafunzi na walimu wakiandamana, mojawapo ya hoja zao ikiwa kwamba hakuwa na shahada ya uzamivu. Mei 2021 alijiuzulu baada ya kubainika kuwa hotuba yake ya mahafali ilitumia maneno ya mtu mwingine bila kumtaja. Jeshini alikuwa amefikia cheo cha luteni jenerali. Katika chuo hicho cha kiraia hakumaliza hata miaka miwili.