Kwa nini Hal Singer aliiacha bendi ya Duke Ellington

Mwaka 1948 Hal Singer alikuwa na kiti katika bendi ya Duke Ellington, nafasi ambayo wapiga saksafoni wengi wa Marekani waliililia. Akakiacha. Wapenzi wa jazi hulitaja jambo hili kwa masikitiko: eti aliutupa muziki wa maana akafuata kelele za kumbi za dansi. Hesabu za wakati ule zinasema vingine, na saksafoni yenyewe pia.

Tuanze na hesabu. Bendi kubwa ilikuwa na watu 15 hadi 17, wote wanataka mshahara, chakula na pa kulala. Mwaka 1944 serikali ya Marekani iliwatoza wenye kumbi za dansi na uimbaji kodi ya asilimia 30, ikashushwa hadi 20 mwaka huohuo. Wenye kumbi wakaanza kutafuta bendi za watu watano, sita, saba. Lakini wacheza dansi walitaka mshindo uleule waliouzoea, kwa hiyo ilibidi chombo kimoja kifanye kazi ya safu nzima ya tarumbeta na saksafoni. Mzigo huo ukaiangukia saksafoni ya tenori. Mfano ulikwishawekwa tarehe 26 Mei 1942, pale mpiga tenori Illinois Jacquet, akiwa na miaka 19, aliporekodi solo yake ya "Flying Home" na bendi ya Lionel Hampton. Kwa miaka kumi iliyofuata, mpiga tenori aliyetaka mkate alilazimika kuijua solo ile.

Singer hakuwa mgeni wa haya. Alizaliwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1919. Nyumba yao ilichomwa mwaka 1921, wakati mtaa wa Weusi wa Greenwood uliposhambuliwa na kuteketezwa, na mama yake akamkimbiza kwa treni hadi Kansas City. Baadaye alisomea kilimo Hampton Institute, Virginia (ndiyo, kilimo), lakini bendi zikamvuta. Akapita kwa Jay McShann wa Kansas City, kisha New York kwa Roy Eldridge. Kansas City ndiyo iliyomfundisha jambo kubwa: kipande kifupi cha melodi, ukikirudia bila kukichezeachezea, kinawainua watu vitini kuliko noti mia za mbio.

Sasa tuingie ndani ya saksafoni. Santuri ya inchi 10 ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu za muziki upande mmoja. Bluzi ya baa 12, kila baa mapigo manne, ni mapigo 48. Kwa mwendo wa mapigo 140 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sekunde 20 na ushei. Upande mzima basi hauzidi mizunguko minane na kipande. Ukiutoa wimbo wa mwanzo, piano na kufunga, mpiga tenori anabaki na mizunguko mitatu au minne ya kusema yote aliyo nayo. Hapo ndipo wanaoiga siku hizi wanapoharibu. Wanakoroma kuanzia baa ya kwanza, na wakifika mzunguko wa tatu hawana pa kupanda. Wakongwe walianza kwa sauti safi katikati ya chombo, mzunguko wa pili wakang'ang'ania kipande kimoja, na mkoromo wakauweka akiba.

Kukoroma ni kuimba kooni huku unapuliza. Noti unayoiimba lazima iwe tofauti na ile unayoipiga. Ukiimba ileile, sauti mbili hazigombani na hakuna ukwaruzo utakaotokea. Kosa la kawaida ni kubana koo na kung'ata ridi (kile kibao chembamba cha mwanzi kwenye kipande cha mdomoni): sauti inapanda juu ya bendi na mkoromo unageuka mlio wa mbuzi. Legeza taya, ongeza pumzi kutoka tumboni. Anza kwenye sol ya kati, si kwenye noti za juu.

Ujanja wa pili ni noti moja kwa mipango miwili ya vidole. Do ya kati hupigwa kwa kidole kimoja cha kati cha mkono wa kushoto. Ukifunga matundu yote kama unapiga do ya chini, kisha ukabonyeza kitufe cha oktava, unapata do hiyohiyo ya kati lakini yenye rangi nzito. Zibadilishe haraka juu ya pigo na noti moja inaanza kuongea. Mpiga tenori Lester Young alizitumia sana rangi hizi kwa upole; watu wa R&B (rhythm and blues, muziki wa dansi wa Weusi) walizipigia msumari.

Kisha ile honi ya chini kabisa, noti iitwayo si bemoli, inayoufanya ukumbi upige mayowe. Wimbo wa bendi ukiwa katika si bemoli, wewe wa tenori unasoma do (noti za tenori huandikwa juu kuliko zinavyosikika), na hiyo noti yako ya mwisho chini inakuwa ya saba ya bluzi. Imekaa hapo kama imeandaliwa. Ikigoma kutoka, au ikitoka kwa kugugumia, usikimbilie kulaumu mdomo wako. Mara nyingi pedi fulani, yaani kifuniko cha tundu, inavuja, na mtuhumiwa wa kwanza ni ile ya sol diezi. Weka kipande cha karatasi ya kusokotea sigara chini ya pedi, ifunge kwa nguvu ya kawaida, kisha uivute karatasi. Ikitoka bila kukwama upande mmoja, hapo ndipo pumzi inapopotelea.

Kwa sauti ya aina hii, kipande cha mdomoni chenye uwazi wa inchi 0.100 hivi hutosha, na ridi namba 2½ au 3. Wengi hununua uwazi mkubwa zaidi halafu wanafunga ridi ngumu, na baada ya nyimbo mbili midomo imekufa.

Turudi kwa Singer. Tarehe 28 Desemba 1947 alikuwa Cincinnati, studio za King, akipiga tenori nyuma ya mwimbaji Wynonie Harris kwenye "Good Rockin' Tonight". Tarehe hiyo ina sababu: chama cha wanamuziki kilikuwa kimetangaza mgomo wa kurekodi kuanzia 1 Januari 1948, na kampuni zilikuwa zikijaza maghala. Mwaka huohuo wa 1948 santuri yake mwenyewe, "Cornbread", iliyotolewa na kampuni ya Savoy, ikashika namba moja kwenye chati ya Billboard ya muziki wa Weusi. Jina la R&B chati hiyo ilipewa Juni 1949 tu. Piano inapigwa na Wynton Kelly, kijana wa miaka 16 wakati huo, ambaye mwaka 1959 angeshiriki "Kind of Blue" ya Miles Davis. Mtu anayetaka kuchora mpaka kati ya jazi na R&B aanze kwa kutueleza Kelly alikuwa upande gani.

Pesa ya santuri yenyewe ilikuwa kiduchu. Sheria iliweka senti mbili kwa kila wimbo katika kila nakala, na kwa kawaida mtunzi aligawana nusu kwa nusu na mchapishaji. Nakala 100,000 zingemletea mtunzi dola 1,000, kama analipwa. Mpigaji wa kawaida studio, katika miaka ya 1950, alipata dola 41.25 kwa saa tatu. Faida ya kibao ilikuwa barabarani: kiongozi mwenye namba moja alidai bei yake kila usiku, na kwa Ellington angebaki mtu wa mshahara, hata wimbo wake ungepigwa kila kona. Santuri nayo inapoa haraka. Angengoja mwaka mmoja, promota asingepokea simu.

Katikati ya miaka ya 1950 solo ya tenori ikapunguzwa hadi baa nane au 16 katikati ya wimbo wa mwimbaji. Kwa kazi hiyo King Curtis alikuwa bingwa; sikiliza "Yakety Yak" ya 1958, noti fupi kavu kama zimekatwa kwa mkasi. Baadaye gitaa likachukua hata hizo baa nane. Singer alikuwa ameshageuza meli: mwaka 1959 alirekodi "Blue Stompin'" kwa kampuni ya Prestige, pamoja na tarumbeta ya Charlie Shavers, na 1965 akaenda Ulaya na mpiga piano Earl Hines, akabaki Ufaransa hadi alipofariki Agosti 2020 akiwa na miaka 100.

Ukitaka kumsoma vizuri, weka "Cornbread" kisha "Blue Stompin'" papo hapo. Usisikilize mkoromo kwanza. Sikiliza anavyoingia kwenye baa ya tano, kordi inapobadilika: kote kuwili anachelewa kidogo nyuma ya pigo, na pumzi ni ileile.